Filamu Isiyokunjwa Ncha

Jamhuri, Jumapili jioni

Baba,

Umeenda Ngara kuwaaga rafiki zako na najua hutarudi kabla chapati hazijapoa, kwa hivyo nimepata nafasi. Nguo zako ziko kwenye begi. Nimezikunja, umezikunjua, nimezikunja tena, sasa basi. Mambo ya kuchemsha maji na kufunga mlango wa chumba huko Marsabit sitayaandika. Umri wako unatosha, na hata nikiyaandika hutayafuata. Nina mengine ya kukuambia, na mdomo wangu unajua kuyaharibu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Shuleni walikucheka kwa sababu mama yako anakuita Baba. Ulikuja ukiwa darasa la pili, umenuna, ukaniuliza kwa nini. Nikakujibu kwamba ndiyo desturi yetu, mtoto wa kiume akipewa jina la babake mama, mama humwita baba. Ukauliza, "Kwani huyo Njoroge mwingine alikuwa nani?" Nikasema alikuwa fundi, alikufa zamani, maliza uji. Hapo nililifunga hilo jambo, na likakaa limefungwa mpaka juzi juzi uliporudi kutoka jangwani na zile filamu zako.

Siku ile bafuni tuliongea yote kwa haraka, nikilia na wewe ukishika karatasi ya picha iliyolowa, hukujua uiweke wapi. Sasa nataka kuyasema kwa mpangilio, ili usiende na vipande vipande.

Nianze na kosa langu la karibuni, maana ndilo zuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Unajua nilivyokulea katika hii kazi. Nilikuwa nasafisha filamu kwenye studio ya Ngara kabla hujazaliwa, na ulipozaliwa ulilala kwenye kapu nje ya chumba cha giza, ukinusa dawa kama watoto wengine wanavyonusa maziwa. Kitu cha kwanza nilichokufundisha si kupiga picha. Ni kukunja ncha. Filamu ikiisha unairudisha ndani ya mkebe, unazungusha polepole mpaka usikie ile tik, unaacha ncha nje ili gizani tuipate kirahisi. Lakini ncha ikiwa nje imenyooka, filamu iliyotumika na filamu mpya ni pacha, hata mwenye studio hawezi kuzitofautisha. Basi tulikuwa tunasema: iliyokunjwa imeliwa, iliyonyooka haijaliwa. Nimewahi kumchapa kofi mkononi kijana mzima wa studio kwa kusahau hilo, tena mbele ya bibi harusi.

Sasa ile siku kabla ya safari yako ya kwanza, ulinipiga picha hapa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimetoka kanisani na lile gauni jeupe, nimesimama mlangoni pa stoo ya makaa, na wewe unasema, "Mathe, simama tu hivyo, usijipange." Filamu ikaisha. Ukanipa kamera niirudishe filamu wewe ukifunga begi. Nikazungusha, nikasikia tik, nikaitoa. Mama Akinyi wa nyumba ya pili akaniita ukutani ati maji yamekuja, tujaze mitungi kabla hayajaenda. Nikaiweka ile filamu pale mezani pamoja na nyingine, ncha imenyooka vizuri kabisa, nikakimbilia maji. Mimi. Mwalimu wa kukunja ncha.

Ukaenda nayo jangwani, ukaiweka kwenye kamera ukidhani ni mpya, ukapiga picha za ile kambi iliyoachwa juu ya picha za mama yako.

Nakumbuka ulivyokasirika tulipoitoa kwenye dawa. Tulikuwa tumefunika dirisha la bafu na blanketi, umekaa kwenye ukingo wa beseni, ukaiinua filamu kwenye taa na sura ikakubadilika. "Roll nzima imeharibika, Mathe. Imepita mara mbili." Nikakuambia tulia, tuianike kwanza, tuone. Tuliianika kwa vibanio vya nguo, ikakauka, tukachapa picha zake ndogondogo kwenye karatasi moja, nami nikachukua lenzi. Mwanzoni nilicheka. Moja mguu wangu ulikuwa umekaa juu ya tangi la maji. Nyingine kichwa changu kimetoka kwenye paa la mabati. Nilikuwa bado nacheka nilipofika kwenye ile ya mlango.

Wewe unajua kwa nini ilitokea vile, nimekufundisha mwenyewe. Mahali penye giza filamu haijatumika, inangoja. Ule mlango ulikuwa mweusi ndani, na mimi nilikuwa mweupe mbele ya stoo nyeusi, basi giza la mlango likanipa nafasi nikaingia. Nimesimama kwenye nyumba isiyo na paa, mkono kwenye kizingiti, ni kama nimetoka kuangalia nani anabisha. Na juu ya kichwa changu, kwenye ukuta, kuna mstari wa vitako vya chupa vilivyojengewa ndani ya saruji.

Zile chupa ni za kijani, Baba. Picha yako haina rangi lakini mimi nazijua rangi yake. Babangu alizijengea pale kwa sababu nyumba za kambi zilikuwa na dirisha moja dogo na mamangu alilalamika kwamba anapika bila kuona. Alasiri jua lilipita mle, tukawa na madoa ya kijani ukutani, nami nilikuwa nayafukuza na kidole.

Nikaiweka lenzi chini nikatoka. Ukanifuata ukidhani nimekasirika kwa sababu ya kosa la ncha, maskini, ukaanza kujitetea kwa niaba yangu. "Aki Mathe, si wewe pekee, hata mimi ningeangalia." Nikakuambia, "Hiyo nyumba nimelala ndani yake." Ulinitazama vile watu humtazama mgonjwa wa malaria anayeongea.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Babangu alitoka Murang'a akaajiriwa kwenye kampuni ya kuchimba visima na kufungua barabara huko juu. Kazi yake ilikuwa jenereta. Tulimfuata mimi na mama nikiwa mdogo sana, kwa hivyo utoto ninaoukumbuka ni ule. Watu wa kule walisema sisi tumetoka Kenya, na mtu akisafiri kuja huku walisema ameenda Kenya, nami niliamini kwamba Kenya ni nchi ya mbali yenye mvua. Jioni babangu aliwasha jenereta na kambi nzima ikawaka. Wachungaji walikuja kukaa nje ya ua kutazama tu taa. Mmoja wao alinipa mwanambuzi mweupe, nikampa jina Sukari, akawa analala miguuni pangu hata mama alipokataza.

Halafu kampuni ikaondoka. Mimi nilikuwa mtoto, sikuelewa, niliona tu watu wazima wanafunga masanduku. Lori likaja kubeba familia. Babangu akaambiwa abaki alinde mitambo mpaka lori lingine litakapokuja kuichukua, kisha atufuate kabla ya Krismasi. Nikamleta Sukari kwa kamba. Babangu akasema mbuzi habebwi, lori ni la watu. Nikasema basi na mimi sibebwi. Akanibeba akanipakia kama gunia.

Nilikaa nimempa mgongo. Aliniita, "Nyokabi." Sikugeuka. Lori likawashwa akaita tena, na mama akanifinya, "Mpungie babako mkono." Nikaukalia mkono wangu. Nilikuwa na hasira ya mtoto, na hasira ya mtoto hudhani kuna kesho nyingi. Tulipofika mbali niligeuka na vumbi lilikuwa limefunika kila kitu.

Hakuja Krismasi. Alikuja dereva mmoja, akatupata kwenye chumba tulichopanga Ngara, akavua kofia kabla ya kusema lolote, na mama akajua. Homa, akasema. Amezikwa huko huko. Mama alimuuliza jambo moja tu: "Alikuwa na nani?" Dereva akajibu, "Kambi ilikuwa tupu, mama."

Maneno hayo ndiyo niliyokua nayo. Kambi tupu. Mama hakuyataja tena na mimi sikuuliza, lakini kila nikifunga macho nilimwona babangu amelala kwenye ile nyumba, anaita na hakuna anayegeuka. Nilikuwa nimefika utu uzima, nina mtoto, nina kazi, na bado nilimwona hivyo. Ndiyo sababu ulipoanza kusema jangwa, jangwa, nilikujibu vibaya. Nilikuambia huko hakuna kitu ila vumbi na nyumba za watu waliokufa. Ukasema ndiyo hizo nyumba unazotaka. Nikanyamaza wiki nzima, nikakupakulia chakula bila neno. Sikuwa nakuadhibu, ingawa nilionekana hivyo. Nilikuwa naogopa kukupeleka wewe, Baba wa pili, mahali nilipomwacha wa kwanza.

Na kuna lingine hulijui. Nilienda Muthangari. Ndiyo, kwa yule mama anayeandaa kitabu, anayekutuma kupiga picha za magofu. Nilivaa vizuri, nikabonyeza kengele ya geti, askari akaniuliza kama nimekuja kwa kazi ya nyumba, nikamwambia nimekuja kwa kazi ya kumtoa mwanangu kazini. Mwenyewe akatoka na viatu vya ndani.

"Karibu, Mama Njoroge. Utakunywa chai?"

"Sikuja chai. Nimekuja kukuomba umwambie kijana wangu kazi imeisha."

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akaniambia, "Mimi simzuii kukaa. Lakini nilimuuliza kwa nini anatumia filamu wakati simu inatosha. Akaniambia mama yake alimfundisha kungoja." Kisha akanywa chai yake mwenyewe, maana yangu nilikuwa nimeikataa. Nilirudi Jamhuri kwa miguu, njia yote nikijipangia majibu makali ambayo sikuwa nimeyatoa. Nashukuru hakukwambia. Sasa nimekwambia mimi, usinicheke mbele ya watu.

Ungenitii siku zile, ningebaki na kambi yangu tupu mpaka kaburini. Nalifikiria hilo nikikoroga uji na mkono unasimama.

Maana ile siku ya bafu, nilipokuambia nimelala kwenye nyumba ile, ulikaa chini kwenye sakafu yenye maji na suruali yako nzuri. Ukasema, "Ngoja. Ngoja, Mathe. Kuna mama mzee kule, Mama Talaso, alinionyesha hapo." Ukanihadithia vile mliongea kisimani, yeye kwa Kiswahili chake cha kukatakata na wewe kwa hiki chako cha Nairobi kisicho na adabu. Kwamba kwenye hiyo kambi alibaki mtu mmoja waliyemwita Fundi. Kwamba dizeli ilipoisha hakukaa bure, alichukua vyuma vya jenereta akatengeneza pampu ya mkono ya kisima, na wachungaji wakawa wanamletea maziwa. Kwamba homa ilipomshika walimtoa kwenye ile nyumba wakamlaza kwao, kwa mamake Talaso, na Talaso alikuwa msichana, ndiye aliyemshikia kikombe. Dereva alipofika alikuta kambi tupu kwa sababu mgonjwa alikuwa amehamishiwa kwa watu. Hakuuliza zaidi ya kaburi.

Halafu ukasema, na ulisema kama kichekesho, kabla hujajua unachosema: "Na alikuwa na mbuzi mweupe anamfuata kila mahali. Ati alimwita Nyokabi."

Ulisimama hapo hapo. Ukaniangalia.

Nililia sana na ukaogopa, ukaanza kuniletea maji, ukaniletea hata leso chafu. Ulidhani ni uchungu. Baba, ule haukuwa uchungu. Ni kama mtu aliyebeba mtungi kichwani miaka na miaka, halafu mtu nyuma yake akamshusha. Hakulala peke yake. Alikunywa maziwa. Aliliita jina langu kila siku, na kuna aliyegeuka, hata kama ana pembe. Siku hizi hata nikiosha vyombo najikuta napumua vizuri, nashangaa ni nini kilichokuwa kimenikaa kifuani muda wote huo.

Kwa hivyo nenda. Nasema bila kinyongo na bila kile kimya changu. Nenda ukakae huo mwaka, upige picha za kambi zao zote, na shule zilizoachwa, na visima. Neno langu kuhusu kazi ni moja, na nimelipata kwa kukosea. Ukifika mahali watu wa Nairobi wanasema pameachwa, usianze na kamera. Tafuta mtu anayechota maji karibu, muulize nani alibaki. Mimi niliamini neno la mtu aliyevua kofia mlangoni, na alikuwa mtu mzuri, hakudanganya. Alitazama tu nyumba akaondoka.

Na usifungue mgongo wa kamera kuchungulia. Najua utatamani, ukiwa huko jua linawaka na hujui kama filamu imeshika. Mtu akichungulia anaichoma kwa mwanga. Hilo nililivunja kwako mara nyingi, nilikuwa nakufungua kila wiki kuona kama umeiva, nauliza utaoa lini, utapata kazi ya ofisi lini. Nisamehe hayo. Nitajaribu kungoja kama nilivyokufundisha wewe, ingawa si ahadi kubwa, unanijua.

Tukigombana kwenye simu, na tutagombana, usikate kabla hujaniaga. Niambie hata "haya basi" ya hasira. Mimi pia nitakuaga, hata nikiwa nimenuna. Kesho gari la Muthangari likija kukuchukua nitatoka getini, nitapunga mkono mpaka lipinde kule kwenye kona, na Mama Akinyi acheke akitaka.

Sasa la mwisho, na ulisome vizuri kwa sababu liko kwenye begi lako.

Jana ulipokuwa kwa kinyozi, nilimwita Mama Akinyi. Nikachukua kamera ya zamani ya studio, nikaweka filamu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Tulitundika blanketi lake jeusi kwenye kamba ya nguo. Nikavaa gauni jeupe la kanisani. Mwanga nimeupunguza kidogo ili filamu ibaki na nafasi ya picha zako, hesabu hiyo unaijua. Mama Akinyi akauliza, "Nyokabi, sasa unapigwa picha za nini na hakuna sherehe?" Nikamwambia bonyeza tu, dada. Akabonyeza mpaka filamu ikaisha, na kila picha nimesimama vilevile, nimetazama mbele, mkono wangu wa kulia nimeuinua.

Nimeifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera. Usiichanganye na nyingine. Ukifika kambini, nenda kwanza kwenye lile rundo la mawe alipozikwa babangu, ambapo Mama Talaso anasema kila anayepita na mifugo huongeza jiwe. Ongeza la kwako, ongeza na langu. Halafu uje mbele ya nyumba asubuhi, jua likiwa bado upande wa nyuma na mlango uwe mweusi. Toa hiyo filamu, iweke kwenye kamera kama filamu mpya, piga.

Ncha yake sikuikunja. Na mara hii sikusahau.

Ni mimi mama yako,
Nyokabi wa Fundi